Siku 14 baada ya kusema "Ndiyo"

Mwaka 2017, miezi michache baada ya kurudi nyumbani Uganda kutoka Nairobi nilikofanya kazi miaka tisa, nilihukumiwa katika mahakama ya mji mmoja wa mpakani upande wa Kenya. Kosa lenyewe dogo: kuuza bidhaa bila kibali cha kaunti. Shtaka lilisomwa kwa Kiingereza, karani akatafsiri mbio mbio, nami nikajibu, "Ndiyo, mzigo ni wangu." Ikaandikwa kwamba nimekiri. Nikalipa faini ya shilingi 15,000, nikavuka mpaka, nikanyamaza. Nilidhani rufaa ni mambo ya wauaji na wanasiasa.

Kumbe ibara ya 50 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa kila mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo iwapo haelewi lugha ya mahakama, na akitiwa hatiani, haki ya kwenda mahakama ya juu. Haisemi raia tu. Lakini muda wa kukata rufaa ni siku 14 tangu hukumu, nami nilipopata habari hiyo ilikuwa imepita miezi.

Mwaka 2023 jirani yangu, mama anayevusha matoke, yakamkuta yale yale. Alikuja kwangu jioni ile ile akiwa na risiti ya faini mkononi. "Kaka," akaniambia, "mimi nilisema matoke ni yangu. Sikusema nimekosa."

Hapo ndipo penye utata wote. Sheria ya Kenya ya mwenendo wa makosa ya jinai, kifungu cha 348, inasema aliyekiri kosa hawezi kukata rufaa ila kuhusu ukubwa au uhalali wa adhabu. Lakini ni lazima kukiri kwenyewe kuwe kumepokelewa sawasawa. Mwaka 1973, katika kesi ya Adan, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, iliyokuwa ikihudumia Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja, iliweka utaratibu: shtaka lielezwe kwa lugha anayoifahamu mshtakiwa, pamoja na yale yanayolifanya kuwa kosa, majibu yake yaandikwe kwa maneno yake mwenyewe, kisha mwendesha mashtaka aeleze ilivyokuwa, na mshtakiwa apewe nafasi ya kupinga. Kusema mzigo ni wangu si kusema sina kibali.

Asubuhi tulirudi mahakamani na barua ya mistari minne, tukiomba nakala ya mwenendo wa kesi na ya hukumu. Barua hiyo usiipuuze. Nakala zikichelewa ingawa uliziomba, kifungu cha 349 kinaitaka mahakama ipokee rufaa hata siku 14 zikiwa zimepita. Nakala hulipiwa ada. Tukagonga muhuri wa kupokelewa kwenye kopi yetu, na kopi ile mama aliitunza pamoja na pesa zake.

Hati ya rufaa iliandikwa kwa Mahakama Kuu, ikitaja sababu moja baada ya nyingine. Hakuwa na wakili. Kama angekuwa gerezani, angeweza kuikabidhi kwa mkuu wa gereza naye akaipeleka, na baada ya rufaa kupokelewa angeweza kuomba dhamana. Nilimwonya jambo moja, maana kuna wanaokata rufaa kama wanaocheza bahati nasibu: Mahakama Kuu inaweza pia kuongeza adhabu.

Kwa wale wanaohukumiwa upande wetu wa Uganda, notisi ya rufaa nayo hutolewa ndani ya siku 14. Ukihukumiwa na hakimu wa daraja la pili, rufaa huenda kwa hakimu mkuu. Ukihukumiwa na hakimu wa daraja la kwanza au hakimu mkuu, huenda Mahakama Kuu. Uliza karani daraja la hakimu wako kabla ya kupoteza nauli.

Rufaa ya jirani yangu ilisikilizwa baada ya miezi saba. Jaji alisoma jibu lake kwenye kumbukumbu, akamuuliza mwendesha mashtaka kama hilo ni kukiri. Hatia ikafutwa, faini ikaamriwa irudishwe. Mikungu 22 ya matoke iliyoshikiliwa ilikuwa imeoza wiki ya pili.