Bukavu: Kabla ya kumtuhumu mtu kwamba ameingia katika mashini yako, soma logi

Katika sekretaria moja ya mjini Bukavu, mahali watu wanakwenda kuchapisha barua na kufanya fotokopi, mwenye kazi alikuwa amekwisha kukata neno: kijana wa staji arudi kwao. Kwa wiki nzima wifi ilikuwa nzito na mega zilikuwa zinaisha kabla ya jioni. Kijana huyo peke yake ndiye alikuja na mashini yake mwenyewe, na kila mtu alijua kwamba anapenda mambo ya enformatike. Kwa mwenye kazi, hiyo ilitosha.

Mimi nilikuwa pale kwa sababu umeme ulikuwa umekatika kwetu na nilikuwa na habari ya kutuma. Mashini yangu ilikuwa kwenye wifi ile ile. Nikamuomba mwenye kazi saa moja tu, kabla hajamfukuza mtu.

Kila mashini ya Windows ina mlinzi wa mlangoni. Kwa Kiswahili wengine wanamuita ukuta wa moto. Kwenye mashini zetu za Kifaransa ameandikwa pare-feu. Tangu mwaka 2004, Windows XP ilipopata Service Pack 2, mlinzi huyo anawashwa bila mtu kumuomba. Lakini kuna jambo ambalo wengi hawalijui: anafukuza wageni wabaya bila kuandika majina yao popote. Ili aandike, lazima umuamuru.

Namna ya kumuamuru si ngumu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika wf.msc, kisha Enter. Ingia katika Propriétés na uchague profili ya mtandao unaotumia. Kama ni wifi ya watu wengi, mara nyingi ni ile ya Public. Upande wa chini kuna sehemu ya logi. Fungua Personnaliser na uweke Oui kwa pakiti zilizokataliwa. Kuanzia hapo maandishi yanaingia katika faili pfirewall.log, ndani ya C:\Windows\System32\LogFiles\Firewall. Ili kuifungua lazima uwe na haki za administrateri. Faili hiyo inapofika kilobaiti 4096, inapewa jina jingine na mpya inaanza. Unaweza kuongeza kipimo hicho hadi 32767.

Baada ya nusu saa nilifungua faili. Mstari mmoja ulikuwa unarudi kila mara, kama mtu anayegonga mlango bila kuchoka: DROP TCP 192.168.1.14 192.168.1.9 49733 445. Mbele yake kuna tarehe na saa. DROP maana yake amekataliwa. Angepokelewa, ingeandikwa ALLOW. Namba ya kwanza ni anwani ya yule anayegonga, ya pili ni mashini yangu. Namba ya mwisho, 445, ndiyo mlango wenyewe: mlango ambao Windows inatumia ili kugawana mafaili. Ni mlango huo ambao virusi WannaCry vilipitia mwezi wa tano 2017, vikafunga mashini katika nchi nyingi.

Anwani inayoanza na 192.168 haitoki mbali. Ni ya ndani ya nyumba. Mwenye kazi aliposikia hivyo, macho yake yalikwenda kwa kijana mara moja.

Lakini logi inaandika anwani, haiandiki jina la mtu. Tulifungua ukurasa wa modemu, palipo na orodha ya mashini zote zilizounganishwa. Namba 14 haikuwa ya kijana. Ilikuwa ya ordinatere ya zamani iliyo karibu na mlango, ile ambayo wateja wanachomeka fulashi zao ili wachapishe. Ilikuwa ingali na Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuisahihisha tarehe 14 mwezi wa kwanza 2020. Tuliiondoa kwenye wifi. Mistari ikasimama papo hapo. Siku iliyofuata mega zilifika hadi jioni. Hakuna aliyekuwa mwizi; kulikuwa na virusi, na fulashi ambayo hatujui ilitoka kwa nani.

Tusidanganyane: si kila DROP ni adui. Ukiona 5353 au 1900, mara nyingi ni simu, televisheni au emprimante zinazotafutana ndani ya nyumba. Anwani za nje zinazogonga mara moja na kupita, hizo pia ni kawaida ya intaneti. Kinachofaa kukushitua ni anwani moja ya ndani inayorudi kwenye 445, au 3389, mlango wa kuongoza mashini kutoka mbali. Na mlango uliofungwa haujakuumiza. Hatari kubwa iko katika ALLOW usiyoielewa, ambayo unaiona tu kama umeomba pia miunganisho iliyofaulu iandikwe.

Kuna sababu nyingine ya kusoma kabla ya kusema. Tangu sheria ya mambo ya dijitali ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, kuingia katika mashini ya mtu bila ruhusa ni kosa linaloadhibiwa hapa Kongo. Kumtajia mtu kosa hilo mbele ya polisi si mchezo, hasa kijana ambaye hana mtu wa kumtetea.

Washa logi leo, wakati hakuna tatizo. Mlinzi hawezi kuandika yaliyopita; anaandika tu kuanzia siku ulipompa kalamu. Kijana yule angali kazini. Mwenye kazi amempa kazi ya kuifungua faili hiyo kila siku ya kwanza.