Maziwa Hayaoshi Mapafu ya Fundi wa Magari

Mzee mmoja, mwalimu mstaafu kutoka upande wa Bomet, alinijia akilalamika kwamba kifua humbana usiku na hukohoa hadi alfajiri. Hakuwahi kuvuta sigara wala kuugua pumu. Nilipomwuliza anafanya kazi gani siku hizi, alitabasamu. Alikuwa akifufua Peugeot 404 yake ya zamani, na sasa alikuwa akiandaa bodi ipakwe rangi.

"Lakini Daktari, kila jioni mimi hunywa mursik kuondoa vumbi," akaniambia.

Mapenzi ya magari ya kale si ajabu katika nchi hii ya majani chai. Joginder Singh, mshindi wa Safari Rally mwaka 1965, 1974 na 1976, alizaliwa Kericho. Ajabu ni hiyo imani ya maziwa, ambayo mafundi wengi wa jua kali wanayo. Maziwa huteremka tumboni. Vumbi na mvuke wa rangi huingia mapafuni. Njia hizo hazikutani.

Msomaji, kazi hii ina hatari tatu.

Kwanza ni kukwangua rangi ya zamani. Rangi nyingi za miaka hiyo zilitiwa madini ya risasi, ambayo hudhuru damu, figo na mishipa ya fahamu. Mtoto huumia zaidi, kwani vumbi lililoganda kwenye nguo za baba laweza kudumaza ubongo wake. Usichome rangi hiyo kwa moto. Piga msasa wa maji, kisha kausha bati mara moja lisishike kutu. Badilisha nguo kabla ya kuingia nyumbani.

Pili ni pati. Hii hunyonya maji, hivyo hupigwa msasa ikiwa kavu. Fanyia kazi chini ya paa lisilo na kuta, ukivaa barakoa ya N95. Leso iliyofungwa puani haizuii vumbi laini.

Tatu ni praima na rangi zinazochanganywa na dawa ya kugandisha. Nyingi zina kemikali iitwayo aisosayaneti. Mwili ukishaikataa, hata kiasi kidogo tu huamsha pumu, mara nyingine saa kadhaa baada ya kazi. Barakoa ya vumbi haifai hapa. Anayepuliza anahitaji ile inayoletewa hewa safi kwa mpira. Kama huna, mwachie fundi mwenye vifaa hivyo.

Huku kwetu mvua hunyesha karibu kila alasiri, na fundi hufunga milango ili unyevu usiharibu rangi. Hapo hujifungia pamoja na sumu. Afadhali kazi ya vumbi ifanywe asubuhi, milango ikiwa wazi.

Tena, usinawe mikono kwa thina, maana hupenya ngozi. Tumia sabuni na maji kabla ya kushika ugali.

Nilimpa mzee dawa ya kuvuta na kumkataza kabisa kupuliza rangi. Gari lilimaliziwa na fundi mwenye chumba maalumu, naye kifua kimepata nafuu. Mursik angali anakunywa, lakini kama chakula.

Vipuri vya 404 bado hupatikana kwa kutafuta. Vya mapafu haviuzwi popote.