Ibrahim Hussein yupi?

Litaje jina la Ibrahim Hussein mbele ya mwalimu wa fasihi ya Kiswahili, naye atakujibu kwa Kinjeketile na Mashetani. Pengine atakusahihisha kwanza: huyo huandikwa Ebrahim, kwa E. Litaje jina hilohilo mjini Kapsabet, mbele ya mzee aliyekuwa mkimbiaji ujanani, na utasimuliwa habari za Boston na New York. Sikio halitofautishi sana ile E na I ya mwanzo, na kwa kuwa watu wengi mashuhuri tunawajua kwa kusimuliwa zaidi kuliko kusoma, wawili hawa ni wajina kamili. Sijaona wajina wanaovutia kuwaweka pamoja kuliko hao.

Wa kwanza, Mtanzania wa pwani ya kusini, alizaliwa mwaka 1943. Tamthilia yake ya Kinjeketile ilitoka mwaka 1969. Humo alimchukua mganga wa Ngarambe, aliyewapa watu maji ya kuwakinga na risasi za Wajerumani wakati wa Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, akamfanya binadamu mwenye shaka, mtu aliyetamka neno kisha akaliona neno lenyewe linamzidi nguvu. Wanafunzi wa sekondari wa nchi mbili tatu wamekaririshwa maudhui na wahusika wa tamthilia hiyo kwa miongo mingi, na hata kukaririshwa huko hakujaiua, jambo ambalo si vitabu vingi vya mtihani vinavyoliweza. Mwandishi akaenda Berlin ya Mashariki kusomea shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Humboldt, akarejea kufundisha Dar es Salaam, akaandika Jogoo Kijijini na Arusi, kisha akajitenga na chuo na majukwaa. Maelfu wanalijua jina lake juu ya jalada, na wangepishana naye Kariakoo bila kumtambua.

Wa pili alizaliwa Kapsabet mwaka 1958. Huko Nandi msikilizaji wa redio amezoea majina ya Kip na Chep, na mtu wa Lamu akilisikia hili la Ibrahim Hussein angemdhania jirani yake. Alisoma Marekani, Chuo Kikuu cha New Mexico, akashinda marathoni ya Honolulu mara tatu mfululizo kuanzia mwaka 1985, na mwaka 1987 akawa Mwafrika wa kwanza kushinda ile ya New York.

Kisha ukaja mwaka 1988, ambao ndio ulionifanya niwaandike wawili hawa pamoja. Aprili ya mwaka huo Hussein wa Kapsabet alisimama kwenye mstari wa Boston, na mpinzani wake mkubwa siku hiyo akawa Mtanzania, Juma Ikangaa, mwanajeshi aliyezoea kukimbia mbele tangu mwanzo na kuwaachia wengine kazi ya kumkimbiza. Walifika mtaa wa mwisho wakiwa wawili. Hussein alimpita, akamaliza kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 43. Ikangaa akamaliza kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 44. Sekunde moja, baada ya kilomita 42! Hakuna Mwafrika aliyewahi kushinda Boston kabla ya siku hiyo. Ikangaa angeshika nafasi ya pili tena mwaka 1989 na tena 1990, bila kulipata taji hilo hata mara moja, ingawa New York alishinda mwaka 1989 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Watanzania wa rika fulani mpaka leo wakilisikia jina la Ibrahim Hussein hawaikumbuki Kinjeketile kwanza.

Na yule wa tamthilia? Mwaka huohuo wa 1988 alitoa Kwenye Ukingo wa Thim. Msingi wake ni kisa cha Kenya, kesi ya maziko ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki mwishoni mwa mwaka 1986 na mwili wake ukabaki bila kuzikwa kwa miezi kadhaa, mjane akivutana mahakamani na ukoo wa marehemu juu ya mahali pa kumzika. Nairobi nzima ilikuwa ikiifuata kesi hiyo magazetini. Kwa hiyo, katika mwaka mmoja, Hussein wa Tanzania alikuwa akiwaandikia Wakenya msiba wao, na Hussein wa Kenya alikuwa akiwapa Watanzania wa kwao. Hakuna aliyepanga.

Ibrahim wa mbio alirudi Boston akashinda tena mwaka 1991 na 1992. Ushindi wake wa 1991 ulifungua kipindi cha miaka kumi ambamo hakuna mwanamume asiye Mkenya aliyelitwaa taji hilo.

Mambo ya namna hii kwetu hayana budi kutokea. Mtoto hupewa jina la babu, la nabii, la mtakatifu au la siku aliyozaliwa, kisha anaongezewa la baba na la babu, na majina yenyewe ni yaleyale. Ndiyo maana Zanzibar imetupa waandishi watatu wa riwaya ambao majina yao yamekuwa karata zilizochanganywa: Mohamed Said Abdulla aliyemuumba Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, Mohamed Suleiman Mohamed wa Kiu, na Said Ahmed Mohamed wa Utengano. Ongeza Mohamed Said wa Dar es Salaam, mwanahistoria aliyeandika maisha ya Abdulwahid Sykes, na unamwonea huruma mwanafunzi anayejaza jina la mwandishi kwenye karatasi ya mtihani. Dawa yetu tunayo siku nyingi. Ifungue simu ya mtu yeyote Dar au Mombasa uyasome majina: Juma Fundi Bomba, Juma Boda, Juma Mkwe, Juma Kazini. Kazi ndiyo humalizia jina. Sijui kama wenyewe Juma wanafahamu walivyoandikwa humo.

Wengine walilazimika kuandikiana barua. Mwaka 1899 kijana Winston Churchill wa Uingereza, aliyekuwa ametoka jeshini karibuni, alianza kupokea pongezi kwa riwaya nzuri aliyoandika. Kwa kuwa kweli alikuwa na riwaya iliyokuwa ikitoka jaridani, Savrola, alifurahi. Baadaye ndipo akagundua kwamba riwaya inayosifiwa ni Richard Carvel, na mwandishi wake ni Winston Churchill wa Marekani, mkubwa wake kwa miaka mitatu na wakati huo mashuhuri kuliko yeye. Hawakuwa na undugu. Mwingereza akaandika barua ya adabu sana akiahidi kwamba kuanzia hapo vitabu vyake atavitia jina la Winston Spencer Churchill. Mmarekani akajibu kwamba naye angeongeza jina la kati, ila hakupewa. Mwaka uliofuata walikutana ana kwa ana, Boston hiyohiyo.

Kinachonichekesha ni yaliyofuata. Mwandishi wa riwaya aliingia katika siasa, akawa mjumbe wa bunge la jimbo la New Hampshire, akautafuta ugavana asiupate. Mwanasiasa naye hakuacha kuandika. Mwaka 1907 alipita Mombasa akapanda reli mpaka Ziwa Viktoria, akaifanya safari hiyo kitabu, na mwaka 1953 akapewa Tuzo ya Nobel, ya Fasihi. Yule wa Marekani alikuwa ameshafariki mwaka 1947. Riwaya zake, ambazo zamani ziliongoza kwa mauzo nchini mwake, sasa zikionekana katika duka la vitabu vya mitumba, mnunuzi hudhani amepata kazi ya ujanani ya Waziri Mkuu.

Kuna wajina ambao hata kazi haisaidii kuwatenganisha. Amina Mohamed wa Kenya na Amina Mohammed wa Nigeria wamezaliwa mwaka mmoja, 1961. Wa Kenya alikuwa naibu mkurugenzi mtendaji wa shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Nairobi, kisha Waziri wa Mambo ya Nje. Wa Nigeria alikuwa waziri wa mazingira wa nchi yake, na kabla ya hapo mshauri wa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Januari 2017 wa Kenya aligombea uenyekiti wa Tume ya Umoja wa Afrika akashindwa na Moussa Faki wa Chad. Mwezi uliofuata wa Nigeria akaanza kazi kama Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Tofauti yao kwenye karatasi ni herufi moja ya m, na mhariri mwenye haraka haioni.

Lakini kwa mkanganyiko hakuna wa kuwashinda wakimbiaji wa Bonde la Ufa. Robert Cheruiyot alishinda Boston mwaka 2003, kisha 2006, 2007 na 2008, na mwaka 2006 aliweka rekodi ya mbio hizo. Mwaka 2010 rekodi hiyo ilivunjwa na Robert Cheruiyot. Ni mtu mwingine kabisa: wa kwanza ni Kipkoech, jina la mtoto wa alfajiri, na wa pili ni Kiprono, wa jioni mbuzi wanaporudi zizini. Kuwatenganisha, ilibidi majina hayo ya kati yaandikwe.

Afueni haikudumu. Aprili 2011 rekodi ya Kiprono ilivunjwa na Geoffrey Mutai, aliyekimbia Boston kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 2. Siku moja kabla yake, marathoni ya London ilikuwa imekwenda kwa Emmanuel Mutai. Novemba ya mwaka huo wakakutana New York, na mtangazaji alikuwa na kazi ya kueleza kwamba Mutai ndiye wa kwanza, Mutai ndiye wa pili, na si ndugu.