Bidhaa Ikishauzwa Hairudishwi? Lalamiko la Mnunuzi wa Kifaa cha Mtumba na Wajibu wa Muuzaji wa Mtandaoni

Miongoni mwa maneno yanayozoeleka sana katika risiti za maduka ya simu, na sasa katika matangazo ya vifaa vya mtumba yanayowekwa Instagram, Facebook, Jiji na katika makundi ya WhatsApp, ni yale yasemayo kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Muuzaji huyaandika akiamini kwamba yatamkinga na kila lalamiko litakalofuata, na mnunuzi huyasoma, au hupita bila kuyasoma, akiamini kwamba hayamhusu hadi siku simu itakapozimika mkononi mwake. Wote wawili hukosea kwa kiasi fulani. Maneno hayo yana nguvu dhidi ya mnunuzi aliyejuta tu, yaani aliyeona kwingine simu kama ile kwa bei nafuu au aliyechoshwa na rangi yake, lakini hayana nguvu hiyo pale kitu kilichofika kinapokuwa si kile kilichotangazwa.

Tofauti hiyo ina mizizi mirefu. Sheria za mauziano ya bidhaa za Tanzania Bara na Kenya zilijengwa juu ya sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, na kutoka huko zilirithi wazo la sharti linalohesabiwa kuwamo ndani ya mkataba hata kama hakuna aliyelitamka. Sharti la kwanza la namna hiyo ni kwamba muuzaji ana haki ya kukiuza kitu anachokiuza. La pili ni kwamba kitu kinachouzwa kwa maelezo fulani sharti kilingane nayo kweli. Na la tatu, linalohusu ubora, humbana hasa yule ambaye kuuza bidhaa za aina hiyo ndiyo kazi yake. Kwa hiyo mwalimu anayeuza kompyuta mpakato yake moja ili anunue nyingine hasimami mahali pamoja na mwenye duka la Kariakoo anayeingiza mzigo wa simu za mtumba kila mwezi. Mwalimu anaweza kusema kwa haki kwamba mnunuzi aliichukua mashine kuukuu kwa macho yake mwenyewe, ilhali mwenye duka anatarajiwa kujua anachokiuza. Lakini katika jambo la maelezo wote wawili wanabanwa sawasawa, na ndiyo maana uzito wa lalamiko lolote hupimwa kwanza kwa tangazo, kabla hata ya kukipima kifaa.

Tangazo linalosema kwamba simu ina kioo chake cha asili, kwamba haijawahi kufunguliwa na fundi, au kwamba betri yake ingali na asilimia 90 ya uwezo wake, limeweka ahadi tatu zinazoweza kuthibitishwa au kukanushwa. Tangazo linalosema simu ni kali sana na bei ni ya kutupa halijaahidi chochote, na mnunuzi anayelalamika kwamba simu si kali atapata taabu kueleza alichonyimwa. Sheria ya Mikataba ya Tanzania huongeza kwamba mtu aliyeridhia mkataba kwa sababu ya udanganyifu au maelezo yasiyo ya kweli anaweza kuuvunja mkataba huo, nayo Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 46, inampa mlaji haki ya kupata bidhaa za ubora unaoridhisha pamoja na taarifa anazohitaji ili anufaike nazo. Muuzaji aliyeficha kioo cha kopi nyuma ya picha nzuri hawezi kujificha nyuma ya mstari mmoja wa risiti.

Hata hivyo, malalamiko mengi hayatokani na udanganyifu, bali na hali halisi ya vifaa vyenyewe, na muuzaji asiyeielewa hali hiyo hujikuta akigombana mahali ambapo maelezo mafupi yangetosha. Mfano ulio wazi ni betri. Betri za lithiamu, ambazo ndizo zinazotumika katika simu na kompyuta mpakato, hupungua uwezo kadiri zinavyochajiwa na kutumika, na kampuni ya Apple imeeleza kwamba betri za iPhone 14 na za matoleo yaliyotangulia zimeundwa ili zibaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 500 kamili ya chaji, mzunguko mmoja ukiwa ni matumizi ya chaji inayolingana na betri nzima, hata kama yametokea kwa siku mbili au tatu. Simu iliyotumika miaka mitatu ikikosa kufika jioni bila chaji haijaharibika, imezeeka tu, na kama muuzaji alionyesha kiwango cha betri kabla ya kuuza, lalamiko hilo limekwisha kujibiwa. Betri iliyovimba ni jambo jingine kabisa: hiyo ni hatari, na muuzaji anayemwambia mnunuzi aendelee kuichaji huku mazungumzo yakiendelea, au airudishe kwenye buti la basi, anafanya uzembe usio na udhuru.

Lalamiko la pili linalotokea mara kwa mara ni la simu kujifunga. Tangu mwaka 2013 simu za iPhone, na kuanzia mwaka 2015 simu nyingi za Android, zimewekewa kinga inayoifanya simu iliyofutwa data zote iendelee kudai akaunti na nenosiri la mmiliki wa awali. Kinga hiyo iliwekwa ili kumkatisha tamaa mwizi, lakini humwadhibu pia mnunuzi halali ambaye muuzaji wake alisahau kuiondoa akaunti yake. Kwa iPhone, lalamiko la namna hii ni rahisi mno kulimaliza, kwa kuwa mwenye akaunti anaweza kuiondoa simu hiyo kwenye akaunti yake kwa njia ya intaneti akiwa mbali, bila kumpa mtu yeyote nenosiri. Muuzaji anayeshindwa kufanya hivyo kwa siku kadhaa huamsha swali zito zaidi, la kama simu hiyo ilikuwa yake.

Lipo pia tatizo la umeme, ambalo wauzaji wa vifaa vya nyumbani kutoka ng'ambo hulijua vizuri lakini hawalitaji ipasavyo. Umeme wa nyumbani nchini Marekani ni wa volti 120 na wa Japani ni wa volti 100, wakati ule wa Tanzania ni wa volti 230 na wa Kenya 240. Chaja nyingi za simu na kompyuta hukubali viwango vyote hivyo, lakini redio, blenda au spika iliyotengenezwa kwa volti 120 pekee, ikichomekwa moja kwa moja ukutani Mwanza au Mombasa, huungua mara moja. Mnunuzi ataapa kwamba kilikuja kibovu, muuzaji ataapa kwamba kilikuwa kikifanya kazi, na huenda wote wanasema kweli. Kosa liko katika tangazo lililonyamaza kuhusu transfoma ya kushusha umeme, na kwa maoni ya makala haya hasara hiyo inamstahili muuzaji, kwa sababu ndiye aliyekuwa na kibandiko cha volti mbele ya macho yake.

Kifaa kinachosafirishwa kwa basi kutoka mji mmoja hadi mwingine huleta ugomvi wa aina yake. Katika sheria za mauziano zilizotajwa mwanzoni, kukabidhi mzigo kwa msafirishaji kwa kawaida huhesabiwa kuwa ni kumkabidhi mnunuzi, ila kama wahusika walikubaliana vinginevyo, lakini muuzaji anatakiwa kupanga usafirishaji kwa namna ya busara. Runinga iliyofungwa kwa shuka na kulazwa chini ya magunia haikupangiwa usafirishaji wa busara. Ushahidi hapa ni picha ya kifaa kikiwa kimewashwa, picha ya mzigo uliofungwa, na risiti ya mzigo, huku mnunuzi naye akitakiwa kuufungua mzigo akiwa palepale ofisini kwa basi au, angalau, akijirekodi video tangu utepe wa kwanza unapokatwa.

Lalamiko linapoingia, jibu la kwanza la muuzaji ndilo huamua mwelekeo wa yote yatakayofuata. Fedha zilizotumwa kwa M-Pesa, huduma iliyoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, hufika papo hapo mikononi mwa mpokeaji, wala haziwekwi kwanza mahali pa kati hadi mnunuzi aridhike; kwa hiyo mnunuzi aliyeko mbali hana cha kushikilia isipokuwa simu mbovu na sauti yake, na muuzaji akikaa kimya au akizuia namba yake, sauti hiyo itahamia kwenye ukurasa wake wa biashara mbele ya wateja wengine. Jibu linalofaa halikiri kosa na halikatai. Humshukuru mnunuzi kwa taarifa, huomba video inayoonyesha hitilafu, na huomba namba ya utambulisho ya kifaa. Kwa simu, namba hiyo ni IMEI, yenye tarakimu 15, ambayo huonekana kwa kubonyeza *#06#, na kazi yake hapa ni kuthibitisha kwamba simu inayolalamikiwa ndiyo iliyouzwa. Wapo wanunuzi wanaobadilisha kioo au betri na kurudisha mwili wa simu ukiwa na viungo vya simu nyingine, na mafundi hujua hila hiyo. Ndiyo maana wauzaji makini huweka stika ndogo juu ya skrubu kabla ya kuuza na kuipiga picha.

Baada ya hapo njia za kumaliza shauri si nyingi. Hitilafu ndogo iliyokuwapo kabla ya kuuza inaweza kumalizwa kwa kupunguza bei au kulipa fundi, na mara nyingi hilo ni nafuu kuliko nauli ya mzigo kwenda na kurudi. Kitu kisicholingana na tangazo kirudishwe na fedha zirudishwe, pamoja na gharama za usafiri, kwa kuwa si mnunuzi aliyeisababisha safari hiyo. Hata hivyo, mnunuzi hawezi kuitumia simu kwa miezi sita kisha akaikataa: akishakaa na kitu kwa muda unaopita kiasi bila kusema, huhesabiwa kuwa amekipokea, na kinachobaki kwake ni kudai fidia tu. Fedha zitoke baada ya kifaa kufika na IMEI kulinganishwa, na zirudi kwenye namba ileile iliyolipa, si kwenye namba ya ndugu au rafiki itakayotajwa dakika za mwisho.

Pale mazungumzo yanaposhindikana, Kenya ina Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 na inayotakiwa kuyamaliza ndani ya siku 60. Nchini Tanzania, Tume ya Ushindani hupokea malalamiko ya walaji chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na Mahakama ya Mwanzo ipo karibu na watu wengi. Katika vyombo vyote hivyo, mazungumzo ya WhatsApp, tangazo la awali na ujumbe wa malipo vina uzito kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote, kwa hiyo muuzaji anayefuta tangazo mara tu mali inaponunuliwa huenda anaufuta utetezi wake mwenyewe.

Kifaa kilichorudishwa kikitangazwa upya, hitilafu iliyokirudisha iandikwe katika mstari wa kwanza wa tangazo jipya na bei ishushwe kulingana nayo, maana tangu siku lile lalamiko lilipopokewa muuzaji hawezi tena kudai kwamba hakuijua.