Kwa nini ng'ombe hufura tumbo akila majani mabichi

TUMBO la ng'ombe lina vyumba vinne. Nyasi huchachushwa na bakteria katika chumba cha kwanza, kilicho kikubwa zaidi, kisha hurejea kinywani na kucheuliwa. Gesi inayotokea humo hutolewa kwa kubeua.

Punda hacheui, nyasi zake huchachushwa mwishoni, katika utumbo mpana. Kuku naye hana meno: nafaka hulainika kwenye gole, kisha husagwa na firigisi kwa msaada wa changarawe.

Mfugaji asipuuze tofauti hizi. Ng'ombe mwenye njaa akila kwa pupa majani mabichi ya jamii ya kunde, povu huziba njia ya gesi. Ubavu wa kushoto hufura, naye aweza kufa kwa saa chache. Mtangulizie nyasi kavu.