Maharagwe Yaliyowatangulia Wazungu

Aifunguaye tarihi ya Burundi aghalabu hukuta habari za Wazungu zikianzia mwaka 1892, Oscar Baumann, msafiri wa Austria, alipoingia nchini akitokea upande wa mashariki, kisha zikarukia Mkataba wa Kiganda wa mwaka 1903, ambao kwao Mwami, yaani mfalme, Mwezi Gisabo alilazimishwa kuukubali utawala wa Wajerumani, na baadaye kuanzishwa kwa kituo chao cha Gitega mwaka 1912. Tarehe hizo ni sahihi, lakini zinatusitiria jambo kubwa zaidi, nalo ni kwamba biashara ya dunia iliyofunguliwa na Wahispania na Wareno, baada ya Columbus kuivuka Atlantiki mwaka 1492 na Vasco da Gama kutia nanga Malindi mwaka 1498, ilikuwa imekwisha kuingia katika mashamba na vyungu vya Warundi, vizazi na vizazi kabla Mzungu yeyote hajatia mguu katika vilima vyao.

Ukizunguka sokoni Gitega, au Muyinga, kaskazini-mashariki, ambako barabara yaelekea mpaka wa Tanzania huko Kobero, utakuta maharagwe, mahindi, muhogo, viazi vitamu na tumbaku, na katika hivyo vitano hakuna hata kimoja kilicho cha asili ya Afrika: vyote vililimwa kwanza na wenyeji wa bara la Amerika, tangu Mexico hadi Brazil na milima ya Andes. Mabaharia wa Kireno, waliokuwa na vituo Kongo na São Tomé upande wa magharibi, na ambao upande wetu waliishambulia Kilwa mwaka 1505 na kuijenga Ngome ya Yesu huko Mombasa mwaka 1593, walizipakia mbegu hizo kwa ajili ya chakula chao na cha vituo vyao, wala hawakuwa na nia ya kumlisha mtu wa bara. Safari ya kuvuka nyika na misitu ilifanywa na Waafrika wenyewe, mbegu zikipita jirani kwa jirani na mkwe kwa mkwe, katika njia zile zile zilizopitishiwa chumvi ya Uvinza na majembe ya chuma.

Katika hayo yote, mimi nayatukuza maharagwe. Kabla yake riziki ya Mrundi ilitegemea sana mtama na ulezi, na mtama ni zao la subira, kwani hupandwa kwenye Desemba na Januari na kuvunwa Juni na Julai, hata nyumba iliyopungukiwa na akiba ikawa na miezi mingi ya kungoja. Maharagwe hukomaa kwa miezi mitatu hivi, hustahimili ubaridi wa vilima vya Gitega, hurutubisha udongo, na yale yatambaayo huupanda muhindi kama nguzo yake. Kwa hiyo mkulima aliyeyapanda pamoja na mahindi mvua za Septemba zilipoanza, katika msimu uitwao agatasi, alivuna mapema na kupata mavuno mawili kwa mwaka. Ajabu ni kwamba taadhima ya ufalme ilibaki kwa mtama: katika sherehe ya umuganuro, mwezi wa Desemba, mwami aliuonja mtama, na ngoma tukufu Karyenda ikatolewa ili raia wapate idhini ya kuupanda, ilhali maharagwe yalikuwa shambani tangu Septemba, yamekaribia kuvunwa, bila ya kuomba idhini ya ngoma yoyote.

Chakula hicho kilikuwa pia nguvu ya ufalme. Mwami Ntare Rugamba, aliyetawala hadi kati ya karne ya 19, aliipanua Burundi pande nyingi, kaskazini-mashariki ikiwamo. Mashujaa wake wanastahili sifa zao, lakini siamini kwamba ufalme wenye raia wengi namna ile ungaliweza kusimama bila ya wanawake waliochagua mbegu hizo, wakazijaribu, wakazihifadhi kwa msimu ujao.

Wala neema hiyo isitusahaulishe dhuluma iliyoandamana nayo, maana biashara hiyo hiyo ya bahari iliwapakia Waafrika zaidi ya milioni 12 katika majahazi ya Atlantiki, na mahindi na muhogo vilikuwa miongoni mwa vyakula walivyolishwa njiani. Burundi ilisalimika kwa sehemu kubwa na biashara ya watumwa kwa kuwa ilikuwa na wafalme na watu wa kuilinda. Hata Rumaliza, mfanyabiashara wa watumwa wa Ujiji, katika karne ya 19, alizuiwa na majeshi ya Mwezi Gisabo.

Kwa hiyo nawasihi walimu wa Gitega na Muyinga, wanapowafundisha watoto habari za Columbus na da Gama, wawatoe kwanza nje ya darasa, wawaoneshe shamba la maharagwe lililo karibu, na kuwaambia kwamba waliolipanda ndio waliokuwa wajuzi wa mbegu hizo zilizotoka ng'ambo.