Nywila ya mara moja kwa SMS

Nywila ya mara moja kwa SMS, ambayo watumiaji wengi huijua kama OTP, ni namba fupi ambayo seva humtumia mtu kwa ujumbe wa simu ili athibitishe kuwa ndiye mwenye akaunti anayotaka kuingia. Kwa kawaida huwa na tarakimu sita. Hutumika mara moja tu, na muda wake huisha baada ya dakika chache. Makala hii inaeleza namna njia hiyo inavyoongezwa kwenye seva ya kusimamia utambulisho, pamoja na mipaka ya usalama wake.

Historia

Wazo la nywila inayotumika mara moja lilielezwa mwaka 1981 na Leslie Lamport, mtaalamu wa kompyuta kutoka Marekani. Alionyesha kuwa mtu anayenasa mawasiliano kwa siri hafaidiki akipata nywila ambayo haitakubaliwa tena. Wakati huo SMS haikuwepo. Ujumbe wa kwanza wa aina hiyo ulitumwa nchini Uingereza tarehe 3 Desemba 1992. Simu za mkononi zilipoenea, SMS ikawa njia rahisi ya kumfikishia mtu nywila hiyo, kwa kuwa haihitaji intaneti wala kifaa cha pekee.

Seva ya utambulisho

Mtu huthibitishwa kwa kitu anachokijua (kama nenosiri), kitu alicho nacho (kama simu au kadi) au sehemu ya mwili wake (kama alama ya kidole). Nenosiri peke yake linaweza kuibwa au kukisiwa. SMS huongeza kitu cha pili, yaani laini ya simu.

Seva ya utambulisho hutunza akaunti za watumiaji kwa niaba ya mifumo mingi. Kwa mfano, chuo kinaweza kuwa na mfumo wa matokeo, wa maktaba na wa ada, na yote ikawaelekeza wanafunzi kuingia kupitia seva moja. Hatua ya SMS ikiongezwa hapo, mifumo yote hulindwa bila kubadilishwa. Vilevile, kosa likifanyika hapo, mifumo yote huathirika.

Mojawapo ya seva hizo ni Keycloak, programu huria iliyoandikwa kwa Java. Ilianza kutolewa mwaka 2014 na kukuzwa na kampuni ya Red Hat. Keycloak hukubali misimbo inayotolewa na programu za simu, lakini haina huduma ya SMS ndani yake. Anayeitaka huongeza kiendelezi.

Namna inavyofanya kazi

1. Mtumiaji huandika jina na nenosiri lake, na seva huvikagua.
2. Kiendelezi husoma namba yake ya simu iliyohifadhiwa kwa mfumo wa kimataifa, kwa mfano inayoanza na +254 au +255.
3. Seva hutengeneza msimbo wa kubahatisha na kuuhifadhi pamoja na muda wake wa kuisha.
4. Msimbo hupelekwa kwa kampuni inayosambaza SMS, nayo huufikisha kwenye mtandao wa simu.
5. Mtumiaji huandika msimbo alioupokea. Ukilingana na muda haujaisha, seva huufuta na kumruhusu kuingia.

Kiendelezi huandaliwa kama faili la JAR na kuwekwa katika folda iitwayo "providers", kisha seva huanzishwa upya. Baadaye msimamizi hunakili mtiririko wa kuingia uliopo na kuongeza hatua ya SMS baada ya nenosiri. Mtiririko wa awali hubaki kama ulivyo, hivyo hatua mpya ikikwama anaweza kuurudia.

Namba ya simu inapaswa kuhakikiwa mapema. Ikiwa seva humruhusu mtu mwenye nenosiri pekee kujaza namba mpya, mwizi wa nenosiri ataandika namba yake mwenyewe, na msimbo utamfikia yeye.

Hesabu ya usalama

Tarakimu sita hutoa misimbo 1,000,000. Seva ikiruhusu majaribio matatu tu, nafasi ya kukisia ni 3 kati ya 1,000,000. Isipoweka kikomo, kompyuta inayojaribu misimbo tofauti 1,000 kwa sekunde itafikisha misimbo 300,000 katika dakika tano, yaani asilimia 30 ya yote. Kwa hiyo kikomo cha majaribio kina uzito kuliko urefu wa msimbo. Kihesabiwe kwa akaunti nzima, kwani kikianza upya kila msimbo unapoombwa, mwizi ataomba mpya bila kuchoka.

Idadi ya SMS pia iwekewe kikomo. Kila ujumbe una gharama, na wako matapeli wanaoomba misimbo mingi kwenda kwenye namba ambazo wao hugawiwa sehemu ya malipo yake.

Udhaifu

Tapeli anaweza kuidanganya kampuni ya simu ili ihamishie namba ya mtu kwenye laini nyingine. Namba iliyoachwa huweza pia kupewa mteja mwingine. Mitandao ya simu yenyewe ina udhaifu: mwaka 2017 ilithibitishwa nchini Ujerumani kuwa wahalifu walinasa SMS za benki kupitia mfumo wa SS7 na kuhamisha fedha za wateja. Mwaka huohuo taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliiweka SMS katika kundi la njia zenye masharti. Miongozo yake ilitaka pia msimbo usikubaliwe baada ya dakika 10.

Udanganyifu wa kawaida zaidi hauhitaji ufundi. Tapeli hupiga simu akijifanya mhudumu na kumwomba mtu amsomee msimbo. Ndiyo maana ujumbe unapaswa kutaja huduma inayohusika na kuonya kuwa msimbo usipewe mtu yeyote.

Njia mbadala

Programu za simu zinaweza kutoa msimbo mpya kila sekunde 30 kwa kanuni iitwayo TOTP, iliyochapishwa mwaka 2011, bila kupitia mtandao wa simu. Funguo za usalama za FIDO ni imara zaidi, kwa sababu hazikubali kutumika kwenye tovuti bandia.

Hata hivyo, njia hizo huhitaji simu janja au kifaa cha kununua. Mwenye simu ndogo, maarufu kama kitochi, hupokea SMS bila shida. Kuiondoa SMS kabisa kunaweza kumfungia nje mtumiaji halali, na kuitegemea peke yake kunaweza kumwachia mwizi mlango. Kwa sababu hiyo wasimamizi wengi huiacha kama chaguo mojawapo, wakitoa pia misimbo ya akiba ya kuandikwa kwenye karatasi kwa ajili ya siku ambayo simu imepotea.